Kununua Hisa kwa Mkono wa Dalali: Mambo Yampasayo Mwislamu Kuyajua

 Somo letu la leo ni juu ya biashara ambayo wengi wetu huisikia katika redio na kuiona katika magazeti, na ni wachache tu waijuao ndani yake: nayo ni kununua hisa za makampuni katika Soko la Hisa la Nairobi.

Watu wetu wa pwani wamegawika mafungu mawili katika jambo hili. Fungu la kwanza husema kuwa hisa zote ni kamari, na mwenye kuzinunua ni mcheza kamari. Fungu la pili huona kila hisa ni neema, wakakimbilia kununua kwa sababu jirani amesema kapata faida, hata wako waliokopa kwa riba ili wasikose. Mafungu yote mawili yamehukumu kabla ya kujua. Na wanavyuoni wetu wamekwisha kutufundisha kuwa hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe. Basi na tuanze kwa kufahamu, khalafu tuitazame hukumu.

1. Hisa ni nini

Tupige mfano ulio karibu nasi. Watu kumi wamechanga shilingi laki moja kila mmoja, wakajenga jahazi, wakamweka nahodha wa kuliendesha. Jahazi lile ni mali yao wote, na kila mmoja ana fungu moja katika mafungu kumi. Likisafiri na kurudi na faida, hugawana kwa kadiri ya mafungu yao. Likizama, kila mmoja hupoteza alichochanga. Hapana katika wao awezaye kubandua ubao wake akaenda nao nyumbani. Lakini akitaka kutoka katika shirika, aweza kumwuzia mtu mwengine fungu lake, na jahazi likaendelea na safari zake kama kawaida.

Hisa ndiyo hiyo. Kampuni ni jahazi, wakurugenzi na meneja ndio manahodha, na wenye hisa ndio wenye mali. Tofauti ni kuwa kampuni kubwa hugawanywa katika mafungu mengi mno, hata mtu mwenye shilingi elfu chache aweza kuwa na fungu lake. Tofauti ya pili ni kuwa, kwa sheria, kampuni ikishindwa kulipa madeni yake, mwenye hisa hafuatwi nyumbani kwake. Khasara yake haipiti kile alichotoa kununulia hisa zake.

Asili ya jambo hili ni ya zamani. Kampuni ya Waholanzi iliyoundwa mwaka 1602 kwa biashara ya viungo vya mashariki iliwachangisha wananchi fedha za merikebu zake, na watu wakaanza kuuziana mafungu yao katika mji wa Amsterdam. Tangu hapo desturi hiyo ikaenea ulimwenguni.

Mwenye hisa hupata faida kwa njia mbili. Ya kwanza ni gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huamua kuwagawia wenyewe. Gawio si jambo la lazima. Mwaka wa faida ndogo au wa khasara huenda lisitolewe kabisa. Njia ya pili ni bei kupanda: ulinunua kwa shilingi 10, ukauza kwa 15. Na kama bei yaweza kupanda, basi yaweza kushuka vile vile. Mtu akikuambia kuwa ana hisa zenye faida maalumu isiyopungua kila mwezi, jua kuwa hakuuzii hisa. Huyo ama anakukopa kwa riba, ama anakudanganya.

Hapa pia yapasa kutofautisha hisa na hati za mkopo, yaani bondi, ambazo nazo huuzwa katika soko hilo hilo. Anunuaye bondi ya kawaida si mshirika bali ni mkopeshaji, naye hulipwa ziada iliyokatwa tangu mwanzo. Mwislamu asije akapewa hiyo akidhani amenunua hisa.

2. Soko na namna bei inavyofanyika

Soko la Nairobi liliundwa mwaka 1954 na madalali wa hisa waliojiunga kuwa chama. Katika siku hizo za ukoloni biashara hii ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi hawakufunguliwa mlango mpaka baada ya uhuru wa mwaka 1963. Twalikumbusha jambo hili kwa kuwa baadhi ya watu wetu bado wanaliona soko lile kama jambo la watu wengine. Mlango umefunguliwa zamani. Kilichobakia ni elimu ya kuingilia.

Mwaka 1989 ilipitishwa sheria ya kuunda Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambayo ndiyo itoayo leseni kwa madalali na kuwasimamia. Mwaka 2004 likaanza kazi shirika la kuhifadhi hisa, lijulikanalo kwa herufi zake CDSC, na vyeti vya karatasi vikaanza kuondoka, hisa zikawa zaandikwa katika daftari la hesabu kama fedha za benki. Mwaka 2006 kuuziana kwa kelele na kuandika ubaoni kukaondoka, kazi ikafanywa na mitambo ya kompyuta.

Hisa hununuliwa kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni toleo la mwanzo, pale kampuni au serikali inapowauzia watu wote kwa bei iliyotangazwa. Hapo hutolewa waraka wa toleo ueleezao hesabu za kampuni, madeni yake na khatari zake. Mlango wa pili ni soko la kila siku, ambapo mwenye hisa humwuzia mwenziwe, na kampuni yenyewe haimo katika mauzo hayo. Soko hufunguliwa Jumatatu mpaka Ijumaa, na mauzo huendelea tangu saa tatu na nusu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Ijumaa halifungwi kwa ajili ya Sala. Basi Mwislamu ajue mwenyewe wakati wa kuacha biashara yake pindi anaposikia adhana ya Ijumaa.

Bei ya kila siku haipangwi na kampuni wala na serikali. Kama samaki wa mnadani, wakiwa wengi wanunuzi na wauzaji wachache, bei hupanda; wakizidi wauzaji, hushuka. Kwa hivyo bei ya leo yaonyesha watu wanavyodhani juu ya kampuni, wala si thamani yake ya kweli kila wakati. Mwenye akili hutazama hesabu za kampuni kwanza: je, yapata faida mwaka baada ya mwaka? Madeni yake ni kiasi gani? Wakurugenzi wake ni watu wa namna gani? Gawio limetoka katika faida au katika mkopo?

3. Dalali ni wakili wako

Mtu hawezi kwenda sokoni mwenyewe akanunua hisa kama anunuavyo nguo. Sheria yataka apitie kwa dalali mwenye leseni. Neno dalali kwetu si geni. Twamjua dalali wa nyumba na dalali wa mnada. Lakini dalali wa hisa, kwa fikihi yetu, yuko katika mlango wa wakala: wewe ni mwenye mali, naye ni wakili wako, na mali yako mkononi mwake ni amana.

Imepokewa kuwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimpa sahaba wake Urwa al-Bariqi dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akanunua kondoo wawili kwa dinari ile, akamwuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari nzima. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Katika khabari hii mna mafunzo mawili kwa somo letu: kwanza, kumweka wakili wa kununua na kuuza ni halali, pili, wakili mwema faida yote humrudishia mwenyewe, wala haifichi mfukoni. Kwa kipimo hiki mpime dalali wako.

Mwendo wa kazi ni huu:

Kwanza, hakikisha kuwa dalali ana leseni ya mwaka huu. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji hutangaza orodha ya wenye leseni. Usitosheke na ofisi nzuri, wala tai, wala kanzu na kofia.

Pili, fungua hesabu ya hisa katika CDSC kwa mkono wa dalali huyo. Utatakiwa kitambulisho, namba ya kodi, picha, na hesabu ya benki ya kupokelea fedha. Hesabu hii ni ya jina lako, si ya dalali. Namba yake iandike na uihifadhi nyumbani.

Tatu, toa agizo. Agizo lina namna mbili. Unaweza kumwambia, «Ninunulie hisa mia tano kwa bei ya soko,» naye atanunua kwa bei atakayoikuta. Au unaweza kumwambia, «Ninunulie hisa mia tano, usipite shilingi 18.» Kwa asiyezoea, namna ya pili ni salama zaidi, kwani bei yaweza kuruka baina ya wewe kuagiza na yeye kununua. Agizo na liwe la maandishi. Mwenyezi Mungu katika Sura ya al-Baqara, aya ya 282, ametuamrisha kuandikiana katika mambo ya deni. Basi tukiandikiana na wakili juu ya amana ni bora zaidi, wala si dhana mbaya kwa mtu.

Nne, lipa kwa hesabu ya benki ya kampuni ya udalali, wala si kwa simu ya mtu binafsi wala fedha taslimu mkononi mwa karani. Chukua stakabadhi.

Tano, baada ya kununuliwa, dai hati ya mauzo ionyeshayo idadi ya hisa, bei, siku na ujira. Kwa utaratibu uliozoeleka hisa na fedha hubadilishana mikono kamili baada ya siku tatu za kazi. Baada ya hapo, usimwulize dalali kama hisa zimeingia. Iulize CDSC, kwa taarifa yake ya hesabu. Hii ndiyo kinga kubwa kuliko zote, na watu wengi huiacha.

4. Hesabu ya ujira

Dalali hula ujira anaponunua na anapouza, na pamoja na ujira wake hutozwa ada ndogo ndogo za soko, za Mamlaka na za CDSC. Jumla yake aghlabu imekuwa kama asilimia 2 ya mali, kila upande. Tutazame mfano.

Mtu amenunua hisa 1,000 kwa shilingi 20: hizo ni shilingi 20,000. Ongeza ujira wa asilimia 2, yaani 400, zimemtoka 20,400. Baada ya mwezi bei imepanda mpaka shilingi 20 na senti 50. Akafurahi, akauza. Amepata 20,500, ukakatwa ujira wa 410, zikamfikia 20,090. Bei imepanda, naye amepata khasara ya shilingi 310! Ili asipoteze kitu ilipasa bei ipite shilingi 20 na senti 80.

Kwa hivyo anayenunua na kuuza kila wiki huenda akawa anamfanyia kazi dalali wake. Na dalali anayekusukuma kila siku, «Uza hii, nunua ile,» jiulize: je, ananasihi, au anahesabu ujira? Hisa ni biashara ya anayeweza kungoja miaka. Na mtu asitie humo fedha za ada ya shule, wala za matibabu, wala za nauli ya Hija ya mwaka huu.

5. Khiana, na kinga yake

Haya ya amana si maneno ya mimbarini tu. Mwezi wa Machi 2007 kampuni ya udalali ya Francis Thuo and Partners ilianguka, na mwaka mmoja baadaye, Machi 2008, Nyaga Stockbrokers ikawekwa chini ya msimamizi na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Maelfu ya wateja walijikuta hawajui zilipo hisa zao wala fedha zao. Kuna mfuko wa kuwafidia wateja wa dalali aliyefilisika, lakini sheria ilitia kikomo cha shilingi 50,000 kwa mtu mmoja. Aliyekuwa na hisa za laki tano, je, elfu hamsini zamsaidia nini?

Njia za khiana zajulikana, nazo ni chache. Ni kuuza hisa za mteja bila ya idhini yake kwa matumaini ya kuzirudisha kabla hajajua. Ni kutumia fedha za wateja kwa matumizi ya ofisi. Ni kuchelewesha malipo ya aliyeuza. Na kinga zake ni hizi: usitie sahihi fomu ambayo haijajazwa, usimwachie dalali fedha zilizokaa bila kazi, usimpe idhini ya jumla ya kuuza na kununua kwa rai yake, itazame hesabu yako ya CDSC walau kila baada ya miezi mitatu, na ukiona hisa hata moja imepungua, peleka malalamiko kwa maandishi kwa dalali, na asipokujibu, kwa Mamlaka. Kunyamaza kwa haya na kuoneana aibu ndiko kulikowaponza wengi. Mwenye kudai amana yake hajamtukana mtu.

Kuna na wengine wasio madalali kabisa, hupita mitaani au huandika katika simu wakitangaza faida ya maradufu kwa mwezi mmoja. Hawa wasipewe hata senti. Na wako wanaovumisha uwongo kuwa hisa fulani itapanda, ili watu wanunue, wao wapate kuuza zao. Hilo ndilo lile lile ambalo sharia yetu huliita najshi, kupandisha bei kwa hila, na Mtume amelikataza. Vile vile alimkataza Hakim bin Hizam kuuza kitu asichokuwa nacho. Basi Mwislamu asiingie katika kuuza hisa ambazo hazimo mkononi mwake kwa kutumai kuzinunua baadaye kwa bei ya chini.

6. Ni kampuni gani yafaa Mwislamu kuingia

Sasa twaja kwenye hukumu. Ushirika wa mali wenyewe ni halali. Waislamu tangu zamani wameshirikiana kwa mali na kwa mudharaba, na Mtume mwenyewe kabla ya utume alifanya biashara kwa mali ya Bibi Khadija. Basi kuiita kila hisa kamari ni kosa. Kamari ni kupata mali ya mwenzako kwa bahati bila ya bidhaa wala kazi. Na mwenye hisa ana fungu la kweli katika viwanda, magari na bidhaa. Lakini mtu akiinunua hisa asubuhi bila kujua kampuni yafanya nini, akaiuza jioni kwa bahati nasibu, hapo ameifanya halali ifanane na kamari kwa nia yake na mwendo wake.

Baada ya hapo hutazamwa kazi ya kampuni. Iwapo kazi yake kubwa ni haramu, hapana khitilafu baina ya wanavyuoni. Katika soko la Nairobi ziko kampuni za pombe, na ziko benki za riba, ambazo ni katika kubwa za soko lile. Mlango wake kwetu umefungwa, hata gawio lake liwe nono namna gani. Kampuni ya sigara nayo, kwa wanavyuoni wengi wa zama hizi, ni katika hukumu hiyo.

Khitilafu iko katika kampuni ambayo kazi yake ni halali, kama kampuni ya saruji, ya umeme au ya simu, lakini hukopa benki kwa riba au huweka akiba zake humo na kupata ziada. Baraza la Fikihi la Kimataifa la Jedda, katika mkutano wake wa mwaka 1992, lilitoa kauli kuwa asili ni haramu kununua hisa za kampuni inayoingia mara nyengine katika riba na mfano wake, hata kama kazi yake kubwa ni halali. Wanavyuoni wengine, wakitazama shida iliyoenea, wameruhusu kwa masharti. Taasisi ya AAOIFI, yenye makao yake Bahrain, imeweka vipimo: mikopo ya riba isifike asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, amana zilizowekwa kwa riba nazo zisifike asilimia 30, na pato la haramu lisifike asilimia 5 ya pato lote. Na hata hapo, sehemu ile ya haramu hapana budi itolewe, apewe maskini au iwekwe katika maslaha ya watu, wala isihesabiwe kuwa sadaka ya mtu.

Mfano mwepesi: umepokea gawio la shilingi 1,000, na hesabu za kampuni zaonyesha kuwa shilingi tatu katika kila mia ya pato lake ni riba. Toa shilingi 30. Nazo serikali hukata kodi ya asilimia 5 katika gawio la mkaazi wa Kenya, kabla halijakufikia. Hiyo si hesabu ya zaka wala si ya kusafisha mali.

Mwenye kuchukua kauli ya kwanza amejihifadhi dini yake, na mwenye kuchukua ya pili ana wanavyuoni nyuma yake, iwapo atayatimiza masharti. Asiyekuwa na udhuru ni yule asemaye, «Wameruhusu,» na hesabu za kampuni hajazifungua hata siku moja.

7. Mafunzo ya mwaka 2006 na 2008

Mwaka 2006 serikali iliuza sehemu ya kampuni ya umeme ya KenGen kwa shilingi 11 na senti 90 kwa hisa. Ilipoanza kuuzwa sokoni bei ikapanda zaidi ya maradufu, na nchi nzima ikasimulia. Basi mwaka 2008 ilipotolewa robo ya Safaricom, hisa bilioni kumi kwa shilingi 5 kila moja, zaidi ya watu laki nane walikimbilia. Wengi walikopa benki. Maombi yakazidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa, kwa hivyo kila mmoja akapewa sehemu ndogo tu ya alizoomba. Lakini riba ya mkopo ilihesabiwa juu ya fedha zote alizokopa. Hisa zikaanza kuuzwa tarehe 9 Juni 2008, zikapanda kidogo siku za mwanzo, na kabla ya mwaka kwisha zikawa chini ya shilingi 5. Waliokopa wakauza kwa khasara ili walipe deni. Wakakusanya mambo mawili: dhambi ya riba na khasara ya mali.

Na aliyenunua kwa fedha zake mwenyewe akangoja? Ilimpasa kusubiri miaka. Bei ilikuja kupita shilingi 40 mwaka 2021, na mwaka 2023 ikashuka tena chini ya 20. Na ile ya KenGen, mwaka 2023 ilikuwa chini ya shilingi 5. Yaani kampuni iliyowapa watu furaha ya siku moja iliwachelewesha kwa miaka, na ile iliyowasikitisha mwanzo iliwafaa waliosubiri. Hapana ajuaye ghaibu isipokuwa Mwenyezi Mungu. Kwa hivyo usitie mali yako yote katika jahazi moja.

Kuna na kampuni zilizozama kabisa. Kiwanda cha sukari cha Mumias, kilichouza hisa zake kwa wananchi mwaka 2001, mwaka 2019 kiliwekwa chini ya mikono ya mdai wake, benki. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa kuuzwa tangu mwaka 2020 mpaka Januari 2025. Mwenye kuzihitaji fedha zake katika miaka hiyo hakuwa na wa kumwuzia. Na hapa kwetu pwani, kampuni ya saruji ya Bamburi, iliyoanzishwa mwaka 1951, ilinunuliwa mwaka 2024 na Amsons ya Tanzania, iliyowapa wenye hisa shilingi 65 kwa kila hisa. Asiyesoma barua zake hakujua kuwa ametakiwa kujibu.

8. Mali ya mayatima, mirathi na zaka

Walii wa mayatima ana wajibu mzito zaidi. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar aliagiza mali ya yatima ifanyiwe biashara isije ikaliwa na zaka. Lakini kufanyia biashara si kuitupa khatarini. Asiyejua hesabu asimnunulie yatima hisa kwa kusikia.

Jambo jengine ni la kusikitisha: wazee wengi hununua hisa, wasimwambie mtu, wakafa. Magawio yakakaa miaka bila mwenyewe, khalafu, kwa sheria ya mwaka 2011, hupelekwa kwa mamlaka ya serikali ya mali zisizodaiwa. Warithi nao wako mtaani katika dhiki. Hisa ni mirathi kama nyumba na shamba. Hugawanywa kwa mafungu yaliyotajwa katika Qur'ani, baada ya deni na wasia, na mahakama ya Kadhi ndipo pa kuanzia. Basi kila mwenye hisa aandike: jina la kampuni, namba ya CDSC, jina la dalali, na karatasi hiyo aijue mke wake au mwanawe mwaminifu. Wasia huu hauna gharama.

Ama zaka, aliyenunua ili auze bei ipandapo, hisa zake ni mali ya biashara: mwaka ukitimia azipime kwa bei ya soko ya siku ile, atoe asilimia mbili na nusu. Aliyenunua ili azishike na kula gawio, wanavyuoni wana maelezo marefu. Amwulize mwanachuoni wake na amwonyeshe hesabu za kampuni.

Masuali ya kuzungumza darasani

1. Ni lipi lililo baina ya mwenye hisa na mwenye bondi?
2. Kwa nini yapasa kuiuliza CDSC wala si dalali peke yake?
3. Mtu amenunua hisa 500 kwa shilingi 10, akauza kwa shilingi 11, na ujira ni asilimia 2 kila upande. Amepata nini?
4. Kampuni ya simu ina pato la riba la asilimia 6. Kwa kipimo cha AAOIFI, yafaa?
5. Je, nyumbani kwako pana karatasi ya mali yako?

Suali la tano ndilo la kujibiwa kwanza, tena usiku wa leo. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, atuepushe na khiana, ya kufanya na ya kufanyiwa, na atuwafikishe kujua kabla ya kutenda. Amin.